Jina Lisilo na Namba

Punda wa kwanza aliingia soko la Ndulilo siku ya Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, na watu wakampisha kama walivyokuwa wakimpisha miaka yote. Punda wa Ndulilo walikuwa mashine za kubebea mawe ya grafiti kutoka mgodini: miguu minne ya chuma, mgongo mpana kama kitanda, na mwendo wa taratibu usiogombana na mtu. Wanawake waliokuwa wamepanga nyanya chini walivuta mafungu yao kando. Mmoja akasonya. Ndipo turubai lilipoteleza kutoka mgongoni, ikaonekana bunduki ya rashasha imefungwa kwa nondo mahali pa mzigo. Yule aliyesonya ndiye aliyekufa wa kwanza.

Asteria Lihumbo aliyaona hayo kwenye skrini, akiwa kilimani katika Nyumba ya Majina. Alikuwa peke yake, kalamu ya kulehemu mkononi, akiunga waya uliokatika nyuma ya redio. Aliona watu wakianguka kwa safu kama mahindi yanayofyekwa. Aliona mzee mmoja akiinua kiti cha kinyozi kujikinga, kiti na mzee wakapasuka pamoja. Punda wa pili akatokea upande wa machinjioni, kisha wa tatu, mpaka wakawa tisa, na nyuma yao wanaume waliovaa sare kuukuu za walinzi wa mgodi. Walikuwa watu wa Kambi ya Juu. Mwaka uliopita mji ulikuwa umewafukuza na kuuchukua mgodi, nao wakaapa kwamba watarudi na Ndulilo itawajua.

Asteria aliitupa kalamu ya kulehemu kwenye kishikio chake bila kuizima, akapiga kitufe chekundu ukutani kwa ngumi.

Kitufe kile kiliitwa Simama Wote. Kila mashine ya Ndulilo, ya kusaga na ya kupasua mbao, ilikuwa na akili ya namna moja ndani yake, watu wakiiita Kiini, na kila Kiini kilisikiliza mnara uliokuwa juu ya paa la nyumba ile. Amri ilipotoka, mji mzima ulinyamaza. Mashine za kusaga zilikwama na unga mdomoni. Pampu za maji zilikoroma zikafa. Winchi ya mgodini iliganda na kikapu chake hewani.

Punda tisa hawakusimama. Mmoja aligeuka taratibu kuelekea vibanda vya mitumba, mahali watu walipokuwa wamejificha nyuma ya marobota ya nguo, akaanza kupiga marobota moja baada ya jingine.

"Hapana," Asteria alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. Alipiga kitufe tena. Akapiga tena.

Kisha akafanya jambo ambalo miaka kumi na mitatu ya kazi ilikuwa imemfundisha. Aliacha kupiga, akauliza. Kiini hakikijui kifaa kwa sura. Kinapoamka hukiuliza kila kifaa kilichounganishwa nacho: wewe nani? Kifaa hujibu kwa jina, na Kiini hulitafuta jina hilo katika Daftari la Majina. Likiwamo, kifaa hupewa umeme na maagizo. Lisipokuwamo, hubaki chuma. Asteria ndiye aliyekuwa mtunza Daftari. Aliandika swali lake, akalituma kwa punda aliyekuwa karibu zaidi na mnara: miguu yako imejiita nani?

Jibu lilirudi kabla hajaondoa kidole.

mbega,moyo

*

Sesilia aliingia akihema, gauni limelowa damu kuanzia kifuani hadi magotini. Asteria aliruka akamshika mabega, akaanza kumpapasa akitafuta tundu la risasi.

"Si yangu," Sesilia alisema. "Ni ya mke wa Mzee Gaudensi. Nilimbeba mpaka darajani, nikamwacha pale. Alikuwa ameshakufa." Sesilia alikuwa mdogo wake Asteria kwa miaka minane, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache. "Dada, mbona hujawazima?"

"Nimewazima."

"Wanatembea!"

Asteria aliigeuza skrini. Sesilia alisoma kwa kunong'ona, kama anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli. "Mbega, mkato, moyo." Mkono wake ukapanda kifuani wenyewe. "Hili si ndilo langu?"

"Ndilo."

Hakuhitaji kueleza zaidi, maana hadithi ile ilikuwa ya nyumbani kwao. Miaka tisa iliyopita Sesilia alilazwa mezani akiwa amepasuliwa kifua, moyo wake wa kuzaliwa umeshatolewa, na moyo wa kutengenezwa uliokuja kwenye boksi lililolowa maji hauamki. Kiini kiliuuliza jina lake, kikatafuta katika Daftari, hakikuona kitu. Daktari alipiga redio akilia. Kanuni za kuandika jina jipya zilikuwa chache na ngumu: herufi ndogo tupu, mtengenezaji kwanza, mkato mmoja, kisha kifaa pamoja na namba yake ya toleo, hakuna alama ya nyota wala neno la jumla linalobeba wengi, na jina likishatolewa halibadilishwi, halifutwi, halipewi mwingine. Namba ya toleo ilikuwa imefutika pamoja na karatasi ya boksi. Kuitafuta kwa mtengenezaji kungechukua saa tatu, na Sesilia alikuwa na dakika ishirini.

Asteria aliandika *mbega,moyo*, kiwanda na kifaa, bila namba. Sesilia aliishi.

Alikusudia kulirekebisha wiki iliyofuata. Lakini mioyo mingine ikaja ikiwa imeandikwa jina lile lile, kwa kuwa sasa lilikubalika, na kulibadilisha kungekuwa kuizima. Ikafika mioyo hamsini na minne. Na kwa kuwa ni mioyo, Baraza la mji likaipa ruhusa ambayo hakuna kifaa kingine kilichowahi kupewa: hata Simama Wote isiiguse.

"Jina lisilo na namba linaweza kudaiwa na mota yoyote," Asteria alisema. "Goti la punda ni mota. Wamefuta majina yote ya miguu ile, wakaiandika moyo. Kiini kinaamini kinaendesha moyo wa mtu."

"Nani wa Kambi ya Juu anayajua haya?"

Wote wawili walikuwa wanamjua. Pankrasi Mkondya alikuwa amefanya kazi kwenye meza ya pili ya chumba kile kwa miaka sita, akaondoka kwa ugomvi.

Redio ilikoroma. Ilikuwa sauti ya Oswini, fundi wa mioyo, kutoka zahanati ya bondeni. "Dada Asteria, unanisikia? Kiandikio changu kimelisoma jibu la punda. Futa hilo jina."

"Kaka Oswini, ukiniambia nifute unajua unachosema?"

"Najua. Lazima lifutwe, ila usifute sasa hivi. Leo ni kliniki ya mioyo, iko mioyo thelathini na mmoja hapa ukumbini. Nina kiandikio kimoja. Nikimwandikia mtu jina jipya, lenye namba, atapona siku ukifuta la zamani. Lakini kila mmoja ni dakika moja na nusu. Nipe nafasi."

"Na walioko nje ya zahanati?"

"Nipe nafasi kwa hawa," Oswini alirudia, na redio ikabaki wazi, ikileta vilio vya watoto na sauti yake ikihesabu.

Sesilia alikuwa anaitazama skrini. Punda mmoja alikuwa amemkanyaga mtu kiunoni na hajui kwamba amemkanyaga. Alikuwa anazunguka pale pale, akipiga risasi. "Angusha mnara, basi. Wasisikie chochote."

"Kiini kisichosikia Daftari kwa saa moja huzima kila kitu, mioyo na punda sawasawa. Na hiyo saa moja wangeitumia vizuri."

Kulikuwa na kiandikio cha pili, chuma chenye ukubwa wa pasi ndogo, ndani ya kabati la Nyumba ya Majina. Sesilia alikijua. Alilifungua kabati, akakitoa. "Nampelekea Oswini. Viwili vitakwenda haraka."

"Wewe kwanza."

"Dada, dakika moja na nusu ni watu wangapi pale chini?"

"Lala."

"Nimekuuliza ni wangapi."

Asteria alizunguka meza. Alimkamata mkono, akauzungusha nyuma kama wanavyokamatwa wezi, akamlaza juu ya meza kwa uzito wa mwili wake. Sesilia alipiga mateke, kikombe kikaanguka. Asteria aliukandamiza ule uso wa chuma katikati ya kifua cha mdogo wake, akabonyeza. Moyo ulisimama. Macho ya Sesilia yalitoka, mdomo ukawa buluu. Asteria alihesabu hadi tisa kwa sauti huku akiangalia skrini, na kabla hajafika tisa alikuwa ameona watu wanne wakifa mbele ya duka la mbolea. Kisha kifua kikapanda, na skrini ndogo ya kiandikio ikaonyesha *mbega,moyo-2*.

Sesilia alikaa, akakohoa, akamtazama dada yake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Alichukua kiandikio, akatoka mbio akipita nyuma ya makaburi. Njia ya zahanati ilikuwa imefungwa na risasi. Asteria alimwona kwenye kamera ya mwisho akikunja kushoto, kuelekea Mtaa wa Karakana, mahali walipokuwa wakiishi watu watatu wenye mioyo ya kutengenezwa.

*

"Wa kumi na tano, amemaliza," Oswini alisema redioni.

Dakika ishirini na mbili zilikuwa zimepita. Asteria alikuwa ameliweka tayari tangazo la kufuta, mistari mitatu, na kidole chake kilikuwa kinaning'inia juu ya kitufe. Aliacha kuhesabu waliokufa alipofika themanini. Alikuwa akijiambia: wa ishirini akimaliza, nitafuta. Kisha akajiambia: wa ishirini na tano.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," mdomo ulijibu kabla ya akili.

Pankrasi Mkondya alikuwa amenenepa kidogo. Alivaa sare ya walinzi iliyombana, na bastola aliishika kama mtu anayeshika kitu cha kuazima. Nje ya mlango, miguu ya punda ilikuwa inasaga changarawe. "Ondoa mikono mezani. Polepole. Sikuja kukuua."

Asteria aliondoa mikono.

"Tukae tu," Pankrasi alisema, akavuta kiti cha ile meza yake ya zamani, akakiangalia, lakini hakukaa. "Ikifika saa sita mji utakuwa wetu, punda watarudi mgodini, na hakuna moyo hata mmoja utakaosimama. Mdogo wako ataishi. Nani mwingine anaweza kukuahidi hivyo leo?"

"Na waliolala sokoni?"

"Hao hawamo kwenye Daftari lako."

"Pankrasi, wamo watoto!"

"Nimewaona!" alifoka. "Unadhani nilipita njia gani kuja hapa? Waliniambia itakuwa geti la mgodi tu. Wapige walinzi wawili watatu, wengine wakimbie." Alifuta jasho kwa mkono wa sare. "Yamekwisha kutokea. Sasa ninazuia yasiongezeke."

"Uliwapa jina la mioyo."

"Nililikuta wazi. Nani aliliacha wazi?" Alimsogelea. "Nilikuwa nimekaa hapa, siku ile. Nilikwambia, mwalimu, andika namba, hata ya kubuni, andika chochote nyuma ya hilo neno. Unakumbuka ulinijibu nini? Uliniambia nikachemshe chai."

Asteria alikumbuka. Hakuwa amekumbuka kwa miaka tisa, na sasa aliikumbuka hata sufuria.

"Wa kumi na tisa, amemaliza," redio ilisema. "Leta mwingine. Mama, usiogope, ni kuhesabu mpaka tisa tu."

Pankrasi aligeuza kichwa. Alikuwa mtu wa kazi ile. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Asteria aliona uso wake ukibadilika, akielewa kwamba zahanati inaandika majina mapya na kwamba kila mmoja anayemaliza anaupunguza ule mzigo uliomfunga mikono mwalimu wake. Aliinama mezani kuifikia redio kwa mkono wenye bastola. Kwa mkono wa pili alifungua simu ya upepo iliyokuwa begani, akasema neno moja: "Zahanati."

Shingo yake ilikuwa mbele ya Asteria, umbali wa shubiri moja. Kalamu ya kulehemu ilikuwa imewaka tangu asubuhi. Asteria aliichomoa, akaizamisha chini ya sikio la Pankrasi mpaka mpini ukagota.

Harufu ilikuja kabla ya sauti. Pankrasi alipiga kelele nyembamba, akajigeuza, bastola ikalia karibu na uso wa Asteria. Risasi ilimnyofoa nusu ya sikio la kushoto, na upande ule wa dunia ukawa kengele tupu. Walianguka pamoja. Pankrasi alikuwa mzito kuliko yeye, akamshika nywele na kumgonga kichwa sakafuni, mara ya kwanza, mara ya pili. Asteria alipapasa chini ya meza, akakutana na betri ya akiba ya redio, kilo kumi za madini ya risasi na tindikali. Aliishika kwa mikono yote miwili, akampiga nayo usoni. Vidole viliachia nywele. Alipanda juu yake, akampiga tena, na tena, na tindikali ikamwagika ikimuunguza mikono, na hakuacha mpaka alipotambua kwamba ile sauti ya kupiga ilikuwa imebadilika, kwamba chini ya betri hapakuwa tena na kitu kigumu.

Aliinuka, akarudi kwenye meza yake. Nje, punda aliendelea kusaga changarawe, akimsubiri bwana wake atoe amri.

*

"Dada Asteria." Sauti ya Oswini ilikuwa chini sana. "Wako getini."

Skrini ilionyesha punda watatu kwenye ua wa zahanati. Wa kwanza alikuwa ameshaangusha lango. Mlinzi wa zahanati, mwenye rungu, alikuwa amelala juu ya rungu lake.

"Umemaliza wangapi?"

"Ishirini na wawili. Wamebaki tisa."

"Na kwa jumla mko wangapi humo ndani?"

"Wagonjwa wengine, wauguzi, kina mama na watoto waliokimbilia hapa... sijui. Mia mbili. Zaidi."

Aliyafanya mahesabu, akajichukia kwa jinsi yalivyokuwa mepesi. Tisa pale foleni. Nje ya zahanati, ukimtoa Sesilia, walikuwa ishirini na wawili, waliotawanyika mitaani na mashambani, na hakujua ni wangapi kati yao Sesilia alikuwa amewafikia, wala ni wangapi walikuwa wameshauawa na punda.

"Waambie," alisema. "Waambie hao tisa."

"Wanakusikia. Redio iko mezani."

Ikaja sauti ya mwanamume, kavu: "Futa, binti. Tusiue watoto wa watu kwa ajili yetu." Kabla hajamaliza, mwanamke akapayuka juu yake: "Asifute! Nani kakutuma unisemee? Nina mtoto wa miezi minne, dada, nakuomba, nakuomba kwa Mungu, dakika moja na nusu tu, mimi ndiye ninayefuata, niko hapa hapa mezani..." Mwingine alikuwa anasali Salamu Maria kwa haraka, maneno yakikanyagana. Kisha rashasha ikaanza ndani ya ukumbi, na hakuna aliyeweza kusikika tena.

Asteria alibonyeza.

Daftari lilikataa. Lilikuwa limejengwa likatae. *Jina likishatolewa halifutwi. Mtunza Daftari akiwa na sababu, aiandike.* Mstari mtupu ukabaki ukimeta, ukisubiri. Aliandika neno moja, *Linaua*, akaweka alama ya kidole gumba kilichoungua.

Mnara ulituma. Kila Kiini cha Ndulilo kililisoma Daftari upya, kikauliza vifaa vyake, wewe nani, kikasikia jina ambalo hakikulijua tena.

Nje ya mlango wake kulisikika kishindo cha chuma kikilala chini. Kwenye skrini, punda wa ukumbini alikunja magoti yote manne kama aliyechoka, akaanguka juu ya benchi, na bunduki ikaendelea kupiga dari mpaka mkanda ulipokwisha. Sokoni watu wa Kambi ya Juu walibaki wamesimama kati ya mashine zilizokufa, wakitazamana. Walionusurika walitoka nyuma ya marobota, chini ya meza, ndani ya mtaro. Walikuwa na mapanga ya kukatia nyama na nondo na mawe. Asteria alitazama mpaka wa tatu alipokatwakatwa, kisha akazima kamera ya soko.

"Oswini."

Alisikia watu wakipumua kwa nguvu, mtu akihesabu, na sauti ya chuma kikigonga kifua. Ikapita muda mrefu.

"Nimewarudisha watatu," Oswini alisema mwishowe. "Sita wamekataa kuamka. Nilifika nikiwa nimechelewa."

"Yule mwenye mtoto?"

Oswini alisema, kana kwamba ameulizwa jambo jingine kabisa, "Dada, mimi mwenyewe nina moyo huo. Katika wale ishirini na wawili niliowaandikia, nilianza na mimi. Nilijiambia nikifa hakuna wa kuwaandikia wengine. Labda ni kweli."

"Na mimi nilianza na Sesilia," Asteria alisema.

*

Sesilia alirudi jioni, mkono wake wa kulia umefungwa kwa kitambaa, vidole viwili havipo. Katika watu watatu wa Mtaa wa Karakana aliwaandikia wawili. Wa tatu alikuwa ameshapigwa risasi mlangoni kwake. Alisema hayo, akachukua nguo zake, akaenda kulala kwa jirani.

Hesabu ilikamilika kesho yake. Punda waliua watu mia moja arobaini na wanane, na watatu kati yao walikuwa na mioyo ya kutengenezwa. Jina lililofutwa liliua sita zahanati, na kumi na saba walioanguka peke yao mahali mbalimbali: jikoni, kisimani, kitandani, mmoja juu ya paa alilokuwa akiliezeka. Ishirini na watatu. Baraza lilikutana, likasema mtunza Daftari alitenda lililopasa, na watu wengine wakaja kumshika mkono. Asteria aliwapa mkono uliofungwa bandeji.

Asubuhi ya siku ya tatu alikuja mwanamke mfupi, mweusi, miguu imejaa vumbi la safari. Alisimama mlangoni, akamkagua Asteria, sikio lile na mikono ile.

"Wewe ndiye uliyefuta?"

"Ni mimi, mama."

"Naitwa Teodosia. Mume wangu ni Bonifasi Likwaya, wa shamba la Isongo. Siku ile mimi nilikuja kuuza karanga, yeye akabaki kupalilia. Nilikaa chini ya meza ya samaki na maiti mbili juu yangu. Yule punda alikuja akasimama hivi, nikauona mdomo wa bunduki. Kisha akaanguka." Aliyasema yote kwa sauti moja. "Nikakimbia nyumbani kumwambia mume wangu nimepona. Nikamkuta kwenye mistari ya mihogo, jembe liko mkononi. Hana hata mchubuko."

Teodosia alisogea hatua moja karibu.

"Nataka kujua kitu kimoja. Ungengoja kidogo, wangemfikia?"

Angeweza kumdanganya. "Isongo ni mwendo wa saa nne, mama. Viandikio vyote viwili vilikuwa mjini. Hakuna ambaye angemfikia siku ile. Ningemngojea yeye, wewe ungekufa, na wote waliokuwa sokoni, na wa zahanati."

Teodosia alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali bei asiyoipenda. "Basi ungengoja," alisema.

Akampiga kofi, upande wa sikio lililonyofoka. Asteria aliyumba, akajishika kwenye kizingiti, damu mbichi ikamshuka shingoni. Hakuinua mkono. Teodosia alingoja aone kama atauinua, kisha akageuka kushuka kilima.

"Haya, twende," alisema bila kutazama nyuma. "Ardhi ya Isongo ni ngumu, na ndugu zake wawili wamo kwenye wale wa sokoni. Sina wa kuchimba."

Walitembea saa nne, Teodosia akitangulia. Walipofika, mwili ulikuwa ndani, umefunikwa shuka, na majirani watatu wazee walikuwa wamekaa nje wakisubiri nguvu. Teodosia aliingia ndani, akatoka na jembe, akamkabidhi Asteria. Kisha akachora kwa kisigino mstari mrefu kando ya mihogo, na wa pili, na miwili mifupi ya kuifunga.

Asteria alivua viatu, akaingia ndani ya mstari, akainua jembe. Pigo la kwanza lilipasua malengelenge yote ya viganja. Alichimba mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka kifuani, na Teodosia alikaa ukingoni muda wote akimtazama, na hakuna hata mara moja aliyomwambia apumzike.